Munangojea Bwana Gani

Minye vijana wa kamati ya ibada, mlikuja kwangu hapa Kalundu, Uvira, mkanywa chai, mkasifu maandazi, kisha mkaniomba niandike kumbukumbu za kazi yangu kwa ajili ya walimu wapya. Nikakubali. Mlipokuwa mnavaa viatu mlangoni, mmoja wenu akageuka akaniambia kwa heshima kubwa: "Mama Mwalimu, tafadhali uandike kwa Kiswahili safi. Na tungependa shauri lako, maana tunataka kuondoa lugha ya sokoni kwenye ibada ya Meza." Niliwaaga vizuri kwa sababu mama yangu alinilea. Lakini mlipofika barabarani niliweka kile kikombe mezani kwa nguvu, mkono wake ukavunjika ukabaki kidoleni kwangu.

Basi hizi hapa kumbukumbu, na shauri langu limo humo ndani. Nitaandika Kiswahili cha shule pale ninapotaka na cha kwetu pale ninapotaka. Asiyeweza kusoma hivyo amwombe bibi yake amsomee.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa watu kwa Meza. Mtu akishabatizwa, kabla hajakaribia kula mkate na kunywa kikombe pamoja na wengine, alikaa darasani kwangu mpaka ajue anakula nini na kwa sababu gani. Nilifundisha wanawake. Wanaume walikuwa na mwalimu wao, mtu mpole ambaye mara nyingi alisinzia kabla ya wanafunzi wake. Na mkate wenyewe niliuoka mimi, kwa hiyo naweza kusema nilifanya kazi ya Meza kwa mdomo na kwa mikono.

Kuhusu mkate nitawaambia mara moja halafu niache. Msiuoke siku ile ile ya ibada. Ukiwa mpya unavunjika ovyo, na mzee wa kanisa anabaki kuokota makombo kwenye koti lake mbele ya watu. Uokeni Jumamosi, muufunike kwa kitambaa kikavu, muukate asubuhi kwa kisu chenye makali. Na msitie sukari. Kila mtu atawashauri mtie sukari kidogo, na watoto ndio watakaoongoza shauri hilo. Kataeni.

Sasa nirudi kwenye mdomo. Kitabu chetu cha ibada kilitoka mbali, upande wa pwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu ambao hatujawahi kukutana nao. Kilikuwa kizuri, sisemi hapana. Lakini darasani kwangu walikaa wanawake waliotoka kuanua ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye mchanga, wengine wametembea kutoka Runingu na mtoto mgongoni, na nyumbani wanasema Kifuliiru, sokoni wanasema Kiswahili chetu. Wao walisikia kitabu kile kama unavyosikia watu wakiongea nyumba ya jirani: sauti inafika, maneno yanapotelea ukutani.

Mwaka mmoja Madamu wa misioni alikuja kuwapima wanafunzi wangu. Alikuwa mwanamke mwema, mweupe mpaka kope, na Kiswahili alikuwa amejifunza kwenye kitabu kile kile. Akamwanza Mama Feza, muuza ndagala, mwenye mabega ya mtu wa kupiga kasia.

"Mama Feza, mchungaji akisimama mezani, hutuambia tufanye nini?"

"Anasema tutwange, tukule."

"Mtwange?"

"Ndiyo, Madamu. Anasemaka 'twaeni'. Mi kila mara niko naangalia, kinu iko wapi? Nikajisemea, pengine balishatwanga ku jikoni."

Nilipotazama nyuso za darasa zima nikaona kwamba wengi walikuwa wameelewa vile vile. Na kwa nini wasielewe vile? Huku kwetu hakuna mtu anayesema "twaa". Tunasema "kamata". Na mtu anayekula bugali ya muhogo anajua kwamba hakuna kinacholiwa kabla hakijatwangwa. Feza alilishika neno asilolijua akalipeleka mahali panapofaa kabisa. Mimi nilicheka mpaka nikajishika ukutani. Madamu hakucheka. Akasema Mama Feza angoje darasa lijalo.

Nikatoka pale na hasira yangu, nikaenda moja kwa moja kwa Pasta Yoeli.

Huyu Pasta Yoeli lazima mumjue, maana hadithi hii ni yake. Alikuwa mtu wetu wa kwanza kuwekewa mikono kuwa mchungaji. Ndiye aliyenipa darasa siku zile wazee waliposema mwanamke anaweza kufundisha kushona tu. Alinifundisha kunyamaza baada ya kuuliza swali, jambo gumu sana kwangu, na kutomwambia mtu jibu mpaka nione aibu ya kulikosa imeisha usoni mwake. Alikuwa mrefu, na alipenda Kiswahili cha kitabu kupita kiasi. Mbuzi akiingia uwanjani kwake alimwambia, "Ewe mbuzi, ondoka." Sisi tulisema mbuzi anaondoka kwa sababu ya mshangao.

Nikamwambia habari ya kinu. Akatabasamu, kisha akasema kwamba Feza atangoja mpaka alijue neno.

"Pasta, kwa nini usiseme tu 'mukamate, mukule'? Kila mtu atasikia, hata mtoto."

Tabasamu likaondoka. Akaniuliza kama najua alikuwa na kazi gani kabla ya kanisa. Nilijua: alibeba pamba bandarini.

"Nilibeba pamba miaka mingi," akasema. "Yule mzungu wa pamba hakujua jina langu. Alijua maneno machache tu, na yote yalikuwa ya Kiswahili chetu hiki. 'Weye, kuya hapa. Kamata hii. Beba.' Kutwa nzima, 'kamata, beba, kamata, beba'. Nilipofungua kile kitabu kwa mara ya kwanza, nikakuta 'karibuni', nikakuta 'twaeni', nikakuta 'wapenzi'. Mwalimu, hiki ni Kiswahili ambacho hakuna mtu aliyewahi kunitukana nacho. Na weye unataka nisimame mezani niwaambie watu 'kamata'?"

Niliinuka niende zangu. Lakini nikiwa nimefika mlangoni jibu likaja, nikarudi.

"Mama yangu," nikamwambia, "kila jioni aliita jina langu akasema, 'Kuya, kamata, ukule.' Hajawahi kuniambia 'twaa' hata siku moja, na alinipenda. Yule mzungu wako aliyakuta maneno haya kinywani mwa mama yangu. Siyo yake."

Tuligombana hivyo miaka mingi, na hatukuacha kula pamoja. Mke wake Riziki alituletea mukeke wa kuchoma akatuambia tunyamaze, samaki anapoa. Kuhusu Feza, Pasta alikuja mwenyewe darasani akamweleza "twaa" polepole, kwa mikono yake. Feza akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kumbe ni kamata tu? Juu ya nini hamukusema?" Akapokelewa Mezani pamoja na wenzake.

Niwape njia yangu ya kupima kama mtu ameelewa, maana mwajisumbua sana na mitihani yenu ya kuandika. Mwanafunzi akikariri neno vizuri, msimsifu bado. Mchokozeni kidogo. Mpingeni, mkasirisheni. Akitumia neno lile akiwa na hasira, ameshalijua. Akilisahau akaanza kusema la kwake, chukueni hilo la kwake mliandike, maana ndilo mlilokuwa mnatafuta.

Uhuru ulipokuja, neno lililopata taabu kuliko yote lilikuwa "bwana". Minye hamkuwepo enzi hizo, kwenu bwana ni mume wa mtu au ni Yesu, basi. Kwetu bwana alikuwa mzungu. Bwana wa pamba, bwana wa bandari, bwana wa kodi. Walipoanza kuvuka mpaka kwenda Usumbura na masanduku yao, watu walisema wazi barabarani: "Hakuna tena bwana." Bandarini ukisema bwana hata kwa mchezo, wenzako walikuzomea. Wanawake wa darasa langu wakaacha kuwaita waume zao bwana. Walisema "mutu yangu". Mzee mmoja alikuja kunilalamikia kwamba mke wake sasa anamwita "ile mutu", na mimi ndiye niliyemfundisha. Sikumfundisha, lakini nilifurahi.

Kanisani neno likabaki. Mezani pa Bwana, Chakula cha Bwana. Wazee wakamwendea Pasta wakasema pengine tulibadilishe, watu wanatutazama vibaya. Nilikuwepo. Nilidhani atawajibu kwa kitabu, lakini alijibu kwa hasira ya kawaida kabisa: "Neno hili wale watu waliliiba. Sasa wameondoka, mnataka tuwapelekee na neno lenyewe huko ng'ambo?" Hapo mimi na yeye tulikuwa upande mmoja, na ilikuwa vigumu kuzoea.

Kisha uasi ukashika bonde lote la kwetu. Sitawaeleza siasa zake, mnao watu wa kuwaeleza, na kila mmoja ana yake. Nitasema nilichokiona. Walikuja vijana waliooshwa kwa dawa, wakiamini risasi itageuka maji. Dawa ile ilikuwa na miiko: mpiganaji asiguswe na mwanamke, asile chakula kilichopikwa na mwanamke. Wengine tuliwajua, watoto wa Mutarule, watoto wa Runingu. Mwanzoni wapo waliowapigia makofi, na sababu zao zilikuwepo. Halafu wakaanza kutafuta wale waliowaita vibaraka wa wazungu, na huko ndiko makofi yalikokoma. Mtu aliyevaa miwani alivua. Karani alisema yeye ni mvuvi. Madamu na wenzake walikuwa wamekwisha vuka.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwisho wa ibada ya Meza, kitabu chetu kilikuwa na maneno ya kuwaaga watu: "Mngojeeni Bwana hata ajapo." Maana yake, msubirini Yesu mpaka siku atakayorudi. Pasta Yoeli aliyasema kwa sauti ya kufika ziwani. Lakini kwa sikio la Uvira, "hata" siyo "mpaka", na "ajapo" hakuna anayelijua. Kinachobaki ni "mungojee Bwana". Mtu mmoja akapita dirishani akasikia. Akapeleka habari kwamba pale kanisani watu wanaambiwa wamngojee bwana, kwamba wazungu watarudi.

Wakamchukua Pasta siku ya pili yake, mchana, akiwa anarekebisha paa la jiko. Riziki akaja kwangu bila kitambaa kichwani. Hakulia. Alisema: "Mwalimu, twende ukabaambie maana ya ile neno. Mi siwezi kuieleza." Yeye mke wa mchungaji. Hilo neno nimelifikiri sana.

Kamanda wao alikaa katika nyumba iliyokuwa ofisi. Alikuwa mtu wa Runingu, zamani alikuwa dereva wa lori. Hakuwa mlevi, hakupiga kelele, na hilo lilinitia hofu zaidi. Akanikalisha kwenye benchi, Riziki akabaki mlangoni.

"Weye ni mwalimu wa pale?"

"Ni mimi."

"Basi niambie. Minye munangojea bwana gani?"

"Tunangojea Yesu."

"Yesu iko muzungu. Nilimuona ku picha."

"Wangekuchora weye, wangekuchora mweupe vile vile. Ndiyo rangi waliyokuwa nayo."

Mmoja wa vijana wake akacheka, Kamanda akamtazama, akaacha. Nikamweleza "hata", nikamweleza "ajapo". Nilieleza kama ninavyoeleza darasani, polepole. Alisikiliza, ninakiri alisikiliza. Kisha akasema:

"Mama, siku ya Mungu minye iko na Meza yenu. Mufanye. Mi nitakuya. Pasta atasimama mbele yangu aseme: hakuna bwana. Kama anataka Yesu, aseme kamarade Yesu. Akisema vile, anarudia kwake na bibi yake huyu. Akisema bwana, tutaenda naye."

"Mutaenda naye wapi?"

Akamwita kijana mwenye funguo. Akaniruhusu nimwone Pasta.

Alikuwa kwenye stoo, ameketi juu ya gunia, uso umevimba upande mmoja. Aliniuliza kwanza kama mvua imeingia jikoni. Nikamwambia masharti ya Kamanda. Halafu mimi, niliyepigania Kiswahili cha sokoni kwa miaka yote ile, nikamwomba hivi, na sioni haya:

"Pasta, tumia kitabu. Una maneno marefu ambayo watu hawa hawajawahi kuyasikia. Sema Mola. Sema Mwenyezi. Sema Rabi, sema Mwokozi wetu mtukufu, zungusha mpaka wachoke. Hawatajua umesema nini. Hutakuwa umemkana mtu, na utakwenda nyumbani."

Akacheka, akashika shavu kwa sababu lilimuuma.

"Leo ndiyo siku umekubali kitabu?"

"Leo nataka uwe hai tu. Tutagombana baadaye."

"Nimesikia, Mwalimu," akasema. Sikuweza kupata zaidi ya hapo.

Sasa nitawaambia jambo la mwisho kabla ya wakati wake, ili msisome mkitafuta kufurahishwa. Pasta Yoeli hakurudi. Jeshi la serikali lilipouchukua mji, tulimtafuta. Riziki alitembea kijiji kwa kijiji bondeni, akapanda mpaka Lemera kuuliza wagonjwa wa hospitali, maana huko walikuwa wametoka kila mahali. Hakuna aliyemwona.

Misioni nao walirudi, na kitabu kipya chenye jalada jekundu, ndani yake "twaeni" ile ile. Bwana mdogo mmoja kutoka kwao, ndiyo, namwita bwana, aliniagiza nifundishe kama ilivyoandikwa. Nikamwambia nitafundisha "twaeni" kama neno la kujua, na mezani watu watasikia "mukamate". Akaninyang'anya darasa. Nikafundishia barazani kwangu, na wanafunzi wakanifuata na vigoda vyao, wengine na ndagala zao za kuchagua. Baada ya misimu miwili wazee wakaja kuniita. Sikuomba msamaha, na hawakuniomba niombe.

Kwa hiyo mkijiuliza kama nitakubali sasa, na uzee huu, yale niliyokataa nikiwa na watoto wa kulisha, jibu mnalo. Kiswahili sanifu mkifundishe, ni kizuri, watoto wakafanye nacho mitihani. Mezani hamtagusa. Na sababu yenyewe siyo kwamba watu hawaelewi, siku hizi mnaelewa sana. Sababu ni kile nilichokisikia Jumapili ile ya Kamanda.

Unga wa ngano ulikuwa haupatikani mji mzima. Niliuoka mkate kwa muhogo na mahindi, mzito, na kikombe tulijaza maji ya marakuja, yale matunda ya pasheni. Nilidhani watu hawatakuja. Walikuja. Wanawake wa darasa langu walikuja wote, Feza mbele, amejifunga kitenge kama mtu anayekwenda kazini. Kamanda aliketi benchi ya kwanza upande wa wanawake, na wanawake wakahama wakasongamana nyuma yake. Vijana wake wawili wakamleta Pasta wakamsimamisha nyuma ya Meza. Alikuwa amevaa shati lile lile aliloshikwa nalo.

Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa pale pake. Nilikifungua mimi. Nilimkazia macho nikisema moyoni: maneno marefu, Pasta, maneno marefu.

Akakifunga.

"Bandugu," akasema, "leo sitasoma."

Sikuwahi kumsikia akisema "bandugu" mbele ya Meza. Sauti ilikuwa ile ile, lakini ilikuwa kama mtu mwingine amesimama ndani ya shati lake, yule wa bandarini.

"Kamanda anauliza minye munangojea bwana gani. Nitamujibu na Kiswahili ya kwetu, kusudi kesho asiseme hakusikia muzuri. Mi nilibebaka pamba. Kulikuwa muzungu, alikuwa anasema: weye, kuya hapa, kamata hii, beba. Akasema yeye ni bwana. Haikuwa kweli. Sasa Kamanda iko na bunduki, anasema hakuna bwana, lakini tukitaka kusema ata neno ya ku Meza, tunaomba ruhusa kwake. Basi naye amejifanya bwana. Hii pia haiko kweli."

Mmoja wa vijana akasogea. Kamanda akainua mkono, akamzuia. Alitaka kusikia.

"Bwana iko mumoja tu. Namna gani tunamujua? Juu yeye hakusema 'kamata, beba'. Alisema 'kamata, ukule'. Miaka yangu yote sikupenda kusema hii neno hapa. Mwalimu iko pale, anajua. Niliiogopa, nilisikiaka ndani yake ile muzungu. Leo naikamata mi mwenyewe." Akainua sahani ya mkate. "Minye bote, mukamate, mukule. Na weye, Kamanda. Kama iko na njaa, kuya."

Kamanda aliutazama ule mkate. Dawa yake ilimkataza chakula cha mkono wa mwanamke, na kila mtu mjini alijua nani anaoka mkate wa Meza. Lakini nilimwona anauangalia, na mtu mwenye njaa namjua. Kisha akasimama, akavaa kofia yake.

"Nimesikia muzuri," akasema. "Twende."

Pasta akaweka sahani mezani taratibu, vipande visimwagike. Akatembea katikati yao mpaka mlangoni. Pale alipopita benchi yangu sikumtazama usoni, nilitazama viatu vyake. Tulisikia lori likiwaka, likashika njia ya bondeni, mpaka halikusikika.

Wazee wa kanisa walibaki wanaangalia sakafu. Wao ndio waliopaswa kugawa. Kwa desturi yetu mwanamke alioka mkate, akaufunika, akarudi kukaa; sahani ikishawekwa mezani haigusi tena. Nilingoja mmoja wao asimame. Ninawaapia nilingoja. Hakusimama mtu, na mkate ulikuwa pale, na yule aliyetualika alikuwa ametolewa nje kwa sababu ya kutualika.

Nikasimama nikachukua sahani. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu," kwa sauti ya kukataza. Sikugeuka. Nilikuwa nimekasirika kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nikiwa na hasira ile nikaanza kugawa, na neno lililotoka kinywani mwangu lilikuwa moja tu.

Wa kwanza alikuwa Riziki.

"Riziki," nikamwambia, "kamata, ukule."

Akakamata. Akakiweka kile kipande kwenye kiganja, akakitazama. Siku zote mchungaji wetu alikula wa mwisho, baada ya watu wote.

"Yoeli alikula?" akaniuliza.

"Bado."

Akakimega katikati. Nusu moja akala, akiitafuna polepole, maana mkate ule ulikuwa mgumu. Nusu ya pili akaifunga kwenye pembe ya kitenge chake, akakaza fundo kwa meno.

"Hii ni ya kwake," akasema, "akikuya."

Nikaenda kwa aliyefuata.